Kangomba ya Mtandaoni

Watu wa kusini hawahitaji kamusi kulielewa neno kangomba. Miezi ile ya njaa, kabla minada ya korosho haijafunguliwa, mkulima ana mikorosho yenye maua na mtoto anayedaiwa michango shuleni. Anatokea mtu mwenye bakuli na noti. Hana leseni, hana mzani, wala hataki kusikia habari za chama cha msingi. Anainunua korosho ikiwa bado mtini, kwa kipimo chake na kwa bei yake, na msimu ukifika anakwenda kuiuza kwa bei ya mnada. Sheria inakataza. Viongozi wanakemea kila mwaka. Hata hivyo kangomba haifi, kwa sababu bidhaa anayoinunua yule mtu si korosho peke yake. Ananunua shida ya mwenzake, wakati ambao mwenzake hana mahali pengine pa kuipeleka.

Sasa iko kangomba mpya, na hii haihitaji bakuli. Inaingia kwenye simu usiku, kijana akiwa anamalizia bando la siku. Jifunze masoko ya mtandaoni kwa siku saba. Lipwa ukiwa umelala. Geuza simu yako kuwa ofisi. Nafasi zimebaki kumi tu, na kesho bei inapanda. Anayelengwa ni mtoto wa yule yule mkulima: amemaliza kidato cha nne au chuo, amerudi nyumbani, barua zake za maombi ya kazi hazijajibiwa, na nyumbani wameanza kumtazama kwa jicho la kuuliza. Anatuma ada kwa simu. Anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Anapokea faili kadhaa za PDF na sauti za mtu anayeongea kwa haraka. Siku ya saba imepita, na bado hajui amuuzie nani nini.

Niseme mapema ninachokipinga na nisichokipinga. Kuuza kwa kutumia mtandao ni ujuzi halali. Unafundishika, na kijana aliye mbali na mjini anauhitaji kuliko wa Kariakoo, kwa kuwa wa Kariakoo mteja anampitia mlangoni. Ninachokipinga ni kile kinachouzwa kwa jina la ujuzi huo. Ujuzi wenyewe ni wa kizamani na hauna mbwembwe: ni kuandika. Kuandika kwa Kiswahili kinachoeleweka una kitu gani, kiasi gani, bei gani, kiko wapi, kitamfikia vipi mnunuzi, na nani atabeba hasara kikiharibika njiani. Mengine yote, kuanzia matangazo ya kulipia hadi hesabu ya wafuasi, yanakuja baada ya hapo, na bila hapo hayana kazi.

Chukua Mbesa. Mtu wa mbali ukimtajia atasema ni huko Songea, maana Songea ndilo jina la Ruvuma ambalo kila mtu analijua. Mbesa iko wilaya ya Tunduru, na kutoka Tunduru mjini mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 250. Ukilitafuta jina hilo mtandaoni, haikuchukui muda kukutana na hospitali ya misheni, ile ya Kanisa la Biblia, ambayo kwa miongo mingi imesaidiwa na wamisionari kutoka Ujerumani. Habari zake nyingi zimeandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza, kwa ajili ya wafadhili walioko Ulaya. Ukienda Wikipedia ya Kiswahili utaambiwa kwamba Mbesa ni kata, pamoja na takwimu chache. Baada ya hapo ukimya unaanza.

Wamisionari hawana kosa katika hili. Walichofanya ndicho ninachokitetea hapa: waliandika tuko wapi, tunafanya nini, tunahitaji nini, na msaada wako umefanya kazi gani. Waliandika kwa lugha ya mtu waliyetaka asome. Ni masoko ya mtandaoni ya kiwango cha juu, na hakuna aliyelipwa akiwa amelala. Swali linabaki kwetu. Kwa nini Mbesa inasomeka vizuri kwa Kijerumani kuliko kwa Kiswahili?

Mtu anaweza kudhani hilo ni suala la hisia tu, la fahari ya kijiji. Tunduru tayari ilishalipa kwa ukimya wa aina hii. Katikati ya miaka ya 1990 vito viligunduliwa kwenye mchanga wa mto Muhuwesi na mito ya jirani: yakuti samawi, spineli, aleksandriti. Watu walimiminika kutoka kila pembe ya nchi, na nyuma yao wakaja wanunuzi kutoka Sri Lanka na Thailand. Leo jina la Tunduru linafahamika na wafanyabiashara wa vito duniani. Fungua kurasa zao utaliona limeandikwa kando ya jiwe, pamoja na uzito wa karati, rangi, kama jiwe limechomwa moto kuboreshwa rangi au liko kama lilivyotoka ardhini, picha ya mwanga wa mchana, bei, na masharti ya kurudisha. Jina ni letu, jiwe lilikuwa letu, maelezo ni ya mwingine. Mchimbaji aliyeliokota akiwa amesimama ndani ya maji aliuza kokoto inayong'aa. Aliyeuza Bangkok aliuza kokoto hiyo hiyo pamoja na aya moja, na tofauti ya bei yao ilikuwa pia bei ya aya hiyo.

Wahenga wetu wanagongana hapa. Mmoja anasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wakajibu: biashara matangazo. Vito vya Tunduru vinatuambia kwamba kizuri hakijiuzi hata kidogo. Kinauzwa na yule anayeweza kukieleza, na asiyeweza kukieleza anabaki kusimulia kwamba zamani kiliokotwa kwao.

Kwa hiyo wauza kozi wana haki ya kusema kwamba kijana asiyejua mtandao anaibiwa. Wamekosea dawa, wengine kwa makusudi. Tazama kinachofundishwa. Namna ya kuongeza wafuasi, hata kwa kuwanunua. Namna ya kuchukua picha ya bidhaa ya mtu mwingine na kuiweka kama yako. Namna ya kuandika kichwa cha habari kinachomtisha msomaji mpaka abonyeze. Na zaidi ya yote, ile desturi iliyogeuka kuwa sheria ya biashara za mtandaoni za Tanzania: ficha bei. Bei njoo inboksi. Mteja anauliza shilingi ngapi, anajibiwa karibu inboksi, na akifika huko bei inategemea picha yake ya wasifu.

Linganisha na kinachotokea sasa hivi kwenye vyama vya msingi huko huko Tunduru. Kwa miaka mingi korosho ghafi imeuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka ghalani, inapimwa, anapewa karatasi, inapigwa mnada. Kuanzia msimu wa 2024/25 minada hiyo imeingia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wanunuzi wanaweka bei zao kwenye mfumo, bei zinasomwa mbele ya wakulima, na wakulima wanakubali au wanakataa. Mfumo huu una manung'uniko yake, kama malipo yanayochelewa na makato yanayouma. Lakini uangalie kama somo. Mama mwenye magunia matatu, ambaye hajawahi kulipia kozi yoyote, tayari yumo kwenye biashara ya mtandaoni, tena ya namna bora kuliko anayofundishwa mwanawe. Kwenye mnada wake bei iko wazi, uzito umeandikwa na daraja la ubora linajulikana. Mwanawe anafundishwa kuficha vyote vitatu.

Wala mwalimu wa mwanawe hamwambii jambo la msingi kabisa: kwamba korosho ghafi hairuhusiwi kuuzwa kwa njia ya inboksi. Lazima ipite kwenye chama. Kijana anayeambiwa aweke tangazo la korosho za nyumbani kwao, mnunuzi aje na gari, anafundishwa kangomba kwa jina jipya. Anachoweza kuuza ni korosho iliyobanguliwa. Anaweza pia kuuza mchele, asali, kazi ya fundi cherehani au fundi wa pikipiki. Kila kimoja kina maswali yake ambayo kozi ya siku saba haiyagusi. Korosho iliyobanguliwa ni nzima au ni vipande? Imefungashwa na nini? Ina alama ya TBS? Basi lipi linaibeba, na mzigo ukipotea unamdai nani?

Hebu weka matangazo mawili mbele ya mtu aliyeko Songea. La kwanza linasema korosho tamu sana kutoka kusini, wahi kabla hazijaisha, bei njoo inboksi. La pili linasema: korosho nzima, zimekaangwa Jumanne, hazina chumvi, nusu kilo kwa bei hii, mzigo unatoka Tunduru na basi la asubuhi, zikifika zimelowa narudisha pesa. La pili halina kelele wala picha ya mtu aliyeegemea gari. Lakini kila neno ndani yake ni ahadi inayoweza kuhakikiwa, na mtu hulipa kwa sababu ya ahadi anayoweza kuihakiki. Kuandika tangazo la pili kunamtaka mwandishi awe ameshakwenda stendi kuulizia nauli ya mzigo, ameshapima, ameshakaanga, ameshahesabu hasara. Ndiyo maana kozi zinalikwepa. Kelele zinaweza kufundishwa na mtu ambaye hajawahi kuuza kitu.

Na hapo ndipo penye kiini cha kangomba hii. Muulize mwalimu wako wa masoko ya mtandaoni: ukiondoa kozi hii, unauza nini? Wapo watakaokuonyesha duka, shamba, wateja na vitabu vya hesabu. Hao waheshimu, walipe, jifunze kwao. Wengine watakasirika, maana bidhaa yao pekee ni wewe. Utajiri wanaouonyesha umetokana na ada za watu waliotaka utajiri huo. Ndiyo sababu mwisho wa mafunzo unaambiwa kwamba njia ya haraka ya kurudisha pesa yako ni kuleta wengine, na kila utakayemleta una kamisheni yako.

Tumeshaupitia wimbo huu. Mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, ambayo watu waliiwekea fedha wakiita kupanda mbegu, wakingoja kuvuna. Shamba halikuwepo. Mbegu ya aliyekuja nyuma ndiyo ilikuwa mavuno ya aliyetangulia, mpaka waliokuja nyuma walipokwisha. Kozi inayofundisha kuuza kozi ina hesabu ile ile. Ugumu wake ni kwamba haifungiki kirahisi, kwa kuwa inaitwa elimu, na katika nchi yetu ukikiita kitu elimu hakuna anayethubutu kuuliza mavuno yako wapi.

Nitajibiwa kwamba blogu zimepitwa na wakati, kwamba vijana hawasomi, kwamba sasa ni zama za video fupi. Turudi nyuma kidogo. Septemba 2005, mpiga picha Issa Michuzi alikuwa Helsinki kwa kazi ya mkutano wa kimataifa. Huko Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa kublogu kwa Kiswahili, akamsaidia kufungua blogu. Michuzi hakuwa na siri saba. Alikuwa na kamera, maelezo mafupi chini ya picha yenye majina ya watu na mahali, na tabia ya kurudi kila siku. Watanzania waliokuwa ughaibuni waliifungua kama mtu anavyofungua dirisha la nyumbani kwao asubuhi. Watangazaji wa biashara wakafuata walipo wasomaji. Mpangilio ulikuwa huo: kwanza jambo lenye manufaa, pili mazoea, tatu imani, na pesa mwisho. Kozi za leo zinaanzia mwisho.

Video fupi sina ugomvi nayo. Lakini video ya jana imeshazama, wakati ukurasa ulioandikwa vizuri unapatikana mwakani na mtu anayeutafuta akiwa na shida. Na watu wana shida ambazo hakuna aliyeziandikia kwa Kiswahili. Mfikirie ndugu anayemleta mgonjwa hospitali ya Mbesa kutoka mbali. Anahitaji kujua gari la kutoka Tunduru mjini linaondoka saa ngapi na nauli ni kiasi gani. Anahitaji kujua msindikizaji analala wapi, sahani ya wali inauzwa bei gani, mvua zikikolea barabara inapitika au la. Kijana wa Mbesa anayejua majibu hayo yote bila kutafakari amekaa juu ya mtaji. Akiyaandika kwenye ukurasa mmoja, akaweka tarehe, akayarekebisha kila mwezi, na chini yake akaweka namba ya mama yake anayepangisha vyumba viwili, amefanya masoko ya mtandaoni kwa ukamilifu wake. Ametoa kwanza, ndipo akauza. Na aliyemsoma atampigia simu kabla hajafika, kwa sababu ameshamsaidia.

Serikali nayo haiwezi kukaa pembeni ikitazama, maana iliweka jiwe lake katika ukimya huu. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni ya kuanzia, na shilingi 1,000,000 kila mwaka. Jumla ya kuanzia: shilingi 2,100,000. Juni mwaka huo TCRA ikaagiza wasiosajiliwa wasimamishe huduma, na hata JamiiForums ikafungwa kwa muda. Miezi michache baadaye, Novemba 2018, serikali hiyo hiyo ilitangaza kwamba itanunua korosho za wakulima kwa shilingi 3,300 kwa kilo na ikalituma jeshi kuzisomba. Piga hesabu mwenyewe. Ruhusa ya kuandika kwenye mtandao ilikuwa sawa na kilo 636 za korosho, karibu magunia manane ya kilo 80, na hayo ni kabla ya kununua simu na bando. Kijana wa Tunduru aliyetaka kuandika habari za kwao aliambiwa alete magunia manane kwanza.

Masharti yamelegezwa tangu wakati huo, lakini woga haukulegezwa pamoja nayo. Wengi walioziacha blogu hawakurudi. Wamehamia kwenye kurasa za makampuni ya nje, ambako hawalipi ada, na ambako hawamiliki chochote. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa na ikakaa siku kadhaa bila kurudi. Aliyekuwa na duka lake lote ndani ya programu moja ya simu aliamka hana duka. Sitadanganya kwamba blogu ingemwokoa siku hizo, maana nayo inahitaji intaneti. Ambaye angeokoka ni yule mwenye majina na namba za wateja wake kwenye daftari, anayeweza kupiga simu ya kawaida na kusema mzigo wako upo. Maduka mengi ya zamani yalikuwa na maandishi ukutani: mali bila daftari huisha bila habari. Kauli hiyo ina masoko ya mtandaoni ndani yake kuliko kozi nyingi zinazouzwa leo.

Kuna mfano wa Kenya ambao ningependa ufundishwe kabla ya somo lolote la wafuasi. Zack Matere, mkulima wa Seregeya upande wa Eldoret, viazi vyake vilipougua aliingia mtandaoni kwa simu, akatafuta, akagundua kwamba wadudu wanaomsumbua ni siafu na kwamba dawa ni majivu ya kuni. Viazi vilipokomaa akampata mnunuzi kwa njia ile ile. Hadithi hii ilisambaa, lakini sehemu yake bora hutajwa mara chache. Matere alifahamu kwamba jirani zake wengi hawatakaa kwenye simu kutafuta kama yeye. Akaweka ubao kijijini, akaupa jina Leo ni Leo, akawa anabandika yale aliyoyapata yenye faida kwa wote. Alijua kwamba habari haina thamani mpaka imfikie mwenye kuihitaji, kwa lugha yake, mahali anapopita.

Mbesa haikosi kuta wala mbao za matangazo. Kijana anaweza kuanza hapo hata bila bando. Bei za mnada wa mwisho, kila daraja, tarehe. Nauli za wiki hii. Fundi nani yupo, anatengeneza nini, kwa kiasi gani. Akifanya hivyo miezi mitatu bila kukosea, ameshajifunza kile ambacho hakuna kozi itakayompa: watu wakizoea kukuta ukweli mahali fulani, hurudi. Siku akiuhamishia ubao huo mtandaoni, atakuwa anahamisha kitu. Wengine wanafungua kurasa tupu kisha wanatafuta cha kuweka.

Kwa hiyo madai yangu si makubwa. Kuanzia 2025 wanafunzi wanaoingia kidato cha kwanza wanasoma somo la biashara kwa lazima. Mwalimu wa somo hilo asiwape tafsiri za misamiati ya masoko wakariri. Awape bidhaa moja ya kijijini kwao, awatume wakaitafutie bei, uzito, usafiri na hasara, kisha waandike ukurasa mmoja ambao mgeni anaweza kuutumia kununua. Asahihishe Kiswahili chake kama anavyosahihisha hesabu, kwa kuwa sentensi isiyoeleweka inafukuza mteja kama jumla iliyokosewa. Halmashauri nazo, ambazo kwa sheria zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, zisikubali andiko la kikundi linalosema tutatangaza mitandaoni bila kueleza litaandikwa nini, na nani, kwa nani. Mstari huo umo kwenye maandiko mengi siku hizi, na mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyefikiria.

Na wewe unayesoma haya, uliyesoma mpaka chuo, una deni lako. Wazazi wako hawakuuza korosho na mbaazi ili uwe hodari wa kunakili maneno ya watu kutoka Marekani na kuwauzia wadogo zako kama siri. Walikusomesha uweze kusoma na kuandika kwa niaba yao. Unajua kutafuta, unajua kulinganisha, unajua kuandika aya ikasimama. Kwenye wilaya yako kuna mtu mwenye bidhaa nzuri na hajui kuieleza. Kaa naye mchana mmoja, muulize, pima, andika, mpe. Ukitaka malipo, chukua sehemu ya mauzo yakishatokea, si ada kabla hayajatokea. Hapo ndipo fundi na tapeli wanapoachana njia.

Atakayekuja kukuuzia kozi kesho mpe mtihani mdogo. Aandike bei yake hadharani, aonyeshe bidhaa yake nyingine isiyo kozi, akutajie mteja mmoja aliyemuuzia mwezi uliopita na alimfikishiaje mzigo. Akishindwa, funga simu, chukua kalamu. Andika kitu kimoja unachokijua cha mahali ulipo ambacho mgeni angelipa kukijua. Weka bei. Weka tarehe. Mwezi ujao urudi urekebishe.